Mtoto wangu wa miaka 4 hatulii na ameshaungua: nimchape, nimpeleke hospitali, au nifanyeje?

MamaMaandazi

Habarini za leo ndugu zangu. Naomba mawazo ya watu waliolea, na kama kuna muuguzi au daktari humu tafadhali asinipite.

Nina mtoto wa kiume wa miaka 4. Dada yake ana 9. Yule wa kwanza nilimlea bila presha, ukimwambia kaa hapo unarudi unamkuta hapo hapo. Huyu ni mwingine kabisa. Akifumbua macho tu keshashuka kitandani, na mpaka jua linazama hajakaa mahali pamoja isipokuwa akila, na hata akila anakula huku anatembea.

Tunaishi Makorora, Tanga, nyumba ya kupanga, familia tano na ua mmoja. Mimi nakaanga maandazi hapo uani kuanzia saa 11 alfajiri, watoto wa shule wananunua wakipita. Kwa hiyo kuna karai la mafuta ya moto, kuna majiko ya wenzangu, kuna pipa la maji, kuna mkunazi wa jirani ulioinamia ukuta wetu. Vyote hivyo kwake ni mchezo.

Mwezi uliopita alivuta kitambaa cha meza akitafuta kikombe. Chupa ya chai ikaanguka, kifuniko hakikuwa kimekaza, chai ya maziwa ikammwagikia mkono wa kulia kuanzia kwenye kiwiko. Alipolia wakaja majirani wote. Mmoja na dawa ya mswaki, mwingine na unga wa ngano. Wakampaka. Tulipofika zahanati yule dada ikabidi aanze kwanza kusugua ile dawa ya mswaki iliyogandia kwenye malengelenge, na mwanangu alilia pale kuliko alivyolia alipoungua. Sasa amepona, amebaki na ngozi inayong'aa mpaka karibu na kifundo.

Nilidhani ameshika adabu. Wapi! Bandeji haijatolewa nikamkuta amechuchumaa mbele ya jiko la mama Saidi analipepea kwa kipande cha boksi, cheche zinaruka. Majuzi amesogeza kigoda mpaka kwenye pipa, amepanda, ameinama anacheza na ndala zake zinazoelea majini.

Sasa kila mtu na lake. Mama mkwe wangu anasema bakora, watoto wa siku hizi wanadekezwa. Jirani anasema mtoto asomewe, na kisomo kimeshafanyika, tunashukuru. Mwalimu wake wa chekechea ananiambia nimpeleke hospitali, huenda ni ugonjwa wa kutotulia. Nimeshindwa nishike lipi. Usiku nikilala naota karai.

Mzee_wa_Pongwe

Mwanangu pole. Samaki mkunje angali mbichi. Sisi tulilelewa kwa fimbo na tukajua moto ni moto. Fimbo moja ya miguu, ile siku unamkuta kwenye jiko, kisha mweleze kwa nini. Hatarudia. Ugonjwa wa kutotulia ni maneno ya juzi haya.

Nesi_wa_Zamu

Shikamoo mzee wetu. Nakuheshimu, ila hapa naomba tupingane, kwa sababu watoto waliochapwa ndio ninaowapokea wodini wakiwa wamechelewa.

Dada, pole sana na hongera kwa kuuliza mapema. Mimi ni muuguzi wodi ya watoto, na miaka mingi ya kazi yangu nimekuwa upande wa majeraha ya moto. Nikwambie kinachoniuma kuhusu bakora. Kuna mtoto wa kike tulimpokea anatokwa na udenda, hataki kumeza hata maji. Nyumbani walidhani ni mafindofindo, wakampa dawa kutwa nzima. Picha ya eksirei ikaonyesha kitu cha duara kooni: betri bapa ya rimoti, zile za mfano wa sarafu. Betri ya namna ile ikikwama kwenye njia ya chakula inaanza kuunguza nyama ndani ya saa 2 tu. Baadaye alimnong'oneza bibi yake kwamba alijua ameimeza. Alinyamaza kwa kuwa wiki ile ile alikuwa amechapwa kwa kuifungua rimoti hiyo.

Kwa hiyo mzee wangu, fimbo inafundisha kweli. Inamfundisha mtoto kwamba mama asijue. Na mtoto aliyemeza kitu, aliyedondoka kutoka juu ya mti, aliyeonja mafuta ya taa, uhai wake unategemea kukimbilia kwa mama na kusema.

Sasa kuhusu huyu wako. Mtoto wa miaka 4 anaweza kukuimbia kwamba jiko ni moto na haliguswi, halafu dakika hiyo hiyo akaligusa. Huo si ukaidi. Kulijua katazo ni kitu kimoja, kuuzuia mkono wako mwenyewe ni kitu kingine, na hicho cha pili kinakomaa polepole kwa miaka mingi. Tena ulivyomkuta analipepea jiko, nani anamfundisha? Wewe. Anakuona kila alfajiri. Anataka kazi yako.

Ni kweli wapo watoto wanaoumia kuliko wenzao, hasa wa kiume, hasa wale wasioweza kusubiri na wanaopenda kupanda. Ukiwa na mtoto wa aina hiyo, nyumba iliyomtosha dada yake haimtoshi yeye. Kilichohitaji kubadilika kwanza ni uani kwenu. Shirika la Afya Duniani na UNICEF walitoa ripoti yao kubwa ya ajali za watoto mwaka 2008, wakakadiria vifo 830,000 kwa mwaka duniani, na sehemu kubwa ya mapendekezo yao ni vitu vya kuziba, kuinua, kufunika na kufungia, si mawaidha kwa watoto.

Ningekuwa kwako ningeanza hivi. Ukaange yeye akiwa amelala, na kama anaamka kabla hujamaliza, mlango wa chumba uwe na kizuizi asichoweza kukivuka, siyo pazia. Karai lisikae chini, na mpini wa mwiko usichungulie nje. Kitambaa cha meza kiondoe kabisa nyumbani mwako, hakuna ulazima wa kitambaa. Chupa ya chai ikae ukutani kwenye rafu, maana chai ya kwenye kikombe tu inaweza kumuunguza mtoto hata robo saa baada ya kumiminwa, sembuse ya kwenye chupa. Ngozi yao ni nyembamba, moto unaomwachia mtu mzima wekundu tu, mtoto unamwingia ndani.

Pipa ndilo linalonitisha zaidi ya karai, nisamehe kusema hivyo. Kuungua kuna kelele, kila mtu anakimbia. Kuzama hakuna. Mtoto mdogo kichwa chake ni kizito kulingana na mwili, akiinama sana anatangulia kichwa, na hapigi kelele kwa sababu mdomo uko majini. Hata ndoo ya kufulia inatosha. Kifuniko chenye uzito leo, si kesho, na kigoda kisikae uani.

Na hili waambie majirani zako wote watano, liandikeni ukutani mkipenda: mtoto akiungua ni maji safi ya kawaida, yanayotiririka, dakika 20 kamili. Hata kama mmechelewa saa moja au mbili, maji bado yanasaidia. Mvueni nguo iliyolowa moto kama haijagandia kwenye ngozi, vueni na bangili. Mwili uliobaki mfunikeni asipate baridi. Kisha kanga safi iliyofuliwa, mfunikeni jeraha bila kukaza, mje hospitali. Dawa ya mswaki, unga, yai, asali, mafuta, barafu, vyote hivyo hapana. Ule uchungu wa kusuguliwa ulioueleza nauona karibu kila wiki, na hauna sababu ya kuwepo.

Halafu swali: kuna mpangaji anatumia mafuta ya taa hapo? Anayaweka kwenye nini?

MamaMaandazi

Ahsante sana dada yangu, nimesoma mpaka mwisho mikono inatetemeka. Ndiyo, yupo, bibi mmoja mwenye kibatari. Anayaweka kwenye chupa ya maji ya kunywa ya nusu lita, chini ya kitanda, mlango hauna kitasa. Mwanangu anaingia mle kila siku kupewa tende.

Nesi_wa_Zamu

Basi nenda jioni hii kwa heshima zote, mnunulie kidumu chenye rangi na kifuniko cha kukaza, na msaidie kukitundika juu. Chupa ya maji mtoto anajua ni ya maji, hana sababu ya kuiogopa. Ikitokea ameyanywa, msimtapishe, wala msimpe maziwa. Hatari ya mafuta ya taa ni kuingia kwenye mapafu, na yanaingia hasa mtoto anapotapika. Njooni moja kwa moja hata kama anaonekana mzima, kwa sababu kukohoa na kupumua haraka kunaweza kuja baada ya saa kadhaa.

FundiChuma_Ngamiani

Mimi ni fundi wa kuchomelea, hapa hapa Tanga. Hayo ya dada nesi mengi yanafanyika kwa vyuma chakavu, sio gharama ya kutisha.

Kwanza jiko. Nimetengeneza mara nyingi meza ya jiko kwa mama lishe: miguu minne ya chuma cha pembe, kimo cha kiuno chako, juu fremu ambayo jiko linazama kidogo lisiteleze, na pembeni ukingo unaopanda mpaka juu ya karai, upande wa kwako tu umeachwa wazi. Miguu ya chini iwe mipana kuliko juu ili mtoto akiigonga isilale. Msiweke jiko juu ya matofali mawili yaliyopangwa, hayo ndiyo nayaona kila uani na likiguswa linaondoka lote.

Pili mlango. Geti fupi la mbao au nondo nyembamba, linafika kifuani kwako. Nondo ziwe wima peke yake. Ukiweka za kulala umemtengenezea ngazi. Komeo liwe upande wa nje, chini, asilifikie hata akininginia juu. Na nafasi kati ya nondo na nondo kichwa kisipite.

Pipa: bati nene lenye bawaba, na juu tundu dogo la kupitisha kata tu. Mtu mzima anachota, mtoto hawezi kuingia.

BintiMwambao

Nakuja kwenye swali lako la mwalimu, maana naona limepitwa. Mwanangu amegundulika na ADHD, ule ugonjwa wa kukosa utulivu na umakini, akiwa darasa la pili. Kabla ya hapo alishavunjika mkono kwa kuruka kutoka kwenye ukuta, akachanwa nyusi na mlango, akapotea sokoni nisijue hata aliuachia mkono wangu saa ngapi. Watoto wenye hali hii wanaumia zaidi ya wenzao, hilo madaktari waliniambia wazi, na nilipolisikia nililia kwa nafuu kwa sababu miaka yote nilikuwa naambiwa sijui kulea.

Lakini dada, miaka 4 usikimbilie jina. Karibu kila mtoto wa umri huo hatulii. Daktari wetu alitaka kujua mambo haya: hali imedumu miezi 6 au zaidi? Ipo nyumbani na shuleni kote, au sehemu moja tu? Inamharibia kitu, kama kujifunza au kucheza na wenzake? Nenda umwone daktari wa watoto, umweleze, na mwombe mwalimu aandike anachokiona darasani kwa maneno yake, sio "mtundu" tu bali anafanya nini na lini. Pia wapime masikio. Kuna watoto wanaitwa wakaidi kumbe hawasikii vizuri. Kwa umri wa huyu wako, hata ikiwa ni ADHD, wanaanza na kumfundisha mzazi namna ya kumwelekeza, dawa zinakuja baadaye zikihitajika.

Nilichofundishwa ni kidogo lakini kimebadilisha nyumba yangu. Simpigii kelele nikiwa mbali. Namfuata, nainama, namshika bega, naongea jambo moja: "Weka kisu mezani." Nikisema "acha hiyo, vaa viatu, na umwite dada" hakubaki nacho hata kimoja. Akitii namwambia pale pale alichofanya vizuri. Na tulifanya mchezo wa "Simama!" jioni, tunakimbia barazani, nikisema neno hilo sote tunaganda. Tulicheza mpaka likakaa mwilini. Siku ya siku alikuwa anaufuata mpira kuelekea barabarani, nikaliita, akaganda ukingoni na bodaboda ikapita mbele yake. Namshukuru Mungu kila nikilikumbuka.

Mwl_DarajaMbili

Nami nafundisha la kwanza na la pili, na naomba niongeze barabara kwa kuwa mwakani au mwaka unaofuata ataanza kwenda shule.

Watoto wa umri huu hawajui uwezo wao unapoishia. Kuna utafiti wa Jodie Plumert wa Marekani uliochapishwa mwaka 1995: watoto wa miaka 6 na 8 waliulizwa kwanza kama wanaweza kufikia kitu kilichowekwa juu, au kuvuka nafasi fulani kwa hatua moja, kisha wakajaribu. Walijiona wanaweza kuliko walivyoweza kweli. Nauona uani kwa shule yangu msimu wa maembe. Tawi lililombeba kaka yake, anaamini litambeba na yeye, na kaka yake alilifikia kwa mikono mirefu.

Barabarani ni hivyo hivyo, ila kosa moja linatosha. Mtoto anaona gari, lakini hajui kupima mwendo wake na umbali kwa pamoja, na dereva haoni kichwa cha mtoto nyuma ya bajaji iliyoegeshwa. Kumfundisha wimbo wa kushoto na kulia ni vizuri, nami nafundisha, ila msiutegemee peke yake. Dar es Salaam shirika la Amend limekuwa likifanya kazi kwenye njia za kwenda shule: njia za waenda kwa miguu, matuta, vivuko, vizuizi vya kutenganisha watoto na magari, pamoja na mafunzo. Wazazi wa shule yetu tumeomba matuta kwa maandishi kupitia serikali ya mtaa. Ombeni na ninyi.

Na mzee wetu wa Pongwe, mtoto wa hivi darasani kwangu simchapi. Nampa kazi ya kufuta ubao na kugawa madaftari. Mwili wake unataka kwenda, basi uende na kitu mkononi.

Mzee_wa_Pongwe

Nimewasikia wanangu. La yule mtoto wa betri limenigusa. Nami nina wajukuu, na rimoti yetu imefungwa kwa raba kwa sababu kifuniko kilipotea zamani. Naenda kuitafutia plasta ngumu.

MamaMaandazi

Mungu awalipe wote. Mzee shikamoo, sina kinyongo hata kidogo.

Kidumu kimenunuliwa, cha njano, na bibi alikipokea kwa furaha. Alisema naye alikuwa akijiuliza siku zote. Kitambaa cha meza kimetoka. Wapangaji tumekaa barazani, tumekubaliana majiko yote yahamie kona moja ya nyuma na hakuna mtoto kupita hapo jiko likiwaka, wa yeyote yule. Baba mwenye nyumba ameruhusu geti, mradi hatutoboi ukuta wa mbele.

Kazi nimempa. Nikikanda jioni namwachia donge lake la unga, anasukuma kwenye kibao sakafuni, mbali na jiko. Anatulia! Sikutegemea.

Limebaki moja. Asubuhi nikiwa nauza, anayemwangalia ni dada yake wa miaka 9 kabla hajaenda shule. Ni msikivu sana. Inatosha?

Nesi_wa_Zamu

Haitoshi, dada, na nakwambia kwa upendo. Binti wa miaka 9 naye ni mtoto. Anaweza kucheza naye ukiwa unawaona wote wawili. Hawezi kumtoa pipani, na likitokea la kutokea atalibeba maisha yake yote.

Bangladesh walilitazama jambo hili kwa karibu. Watoto wa mwaka 1 hadi 4 walikuwa wakizama kwenye mabwawa ya karibu na nyumba, wengi kati ya saa 3 asubuhi na saa 7 mchana, mama akiwa kwenye kazi za ndani. Wakaanzisha vituo kijijini, mtu mzima mmoja aliyefunzwa anakaa na watoto saa hizo tu, na vifo vikapungua. Ninyi ni familia tano. Kila asubuhi awepo mtu mzima mmoja ambaye kazi yake kwa muda huo ni macho tu, hapiki, hafui, hashiki simu. Bibi wa tende anaweza kuwa mmoja wao, ilimradi awe na kijana wa kumsaidia kukimbia.

MamaMaandazi

Bibi amekubali kabla sijamaliza sentensi. Na mama Saidi atachukua Jumatatu na Jumanne.

Fundi, upana wa mlango wangu ni sentimita 82, na kimo cha kiuno changu kutoka chini ni 96. Ukingo wa upande wa kushoto uwe wa kuondoka ili niingize mkaa?

FundiChuma_Ngamiani

Usiwe wa kuondoka, utauondoa siku moja na hautarudi. Nitaweka kidirisha cha bawaba chini, cha kutilia mkaa, kinajifunga chenyewe. Pima na kipenyo cha karai, ukingo mpaka ukingo, unitumie.

MamaMaandazi

Sentimita 45, pamoja na masikio 57.